Thamani ya Mali Iliyopotea

Somoe Chilumba aliingia kibandani kwangu na simu sikioni,
noti zake kazifunga kwenye pindo la kanga.
Kiti kilikuwepo. Hakukaa.
Alisimama wima, kandambili kazivua mlangoni,
kana kwamba yule mtu yumo humu ndani na amevaa tai.

"Ndiyo, mheshimiwa," anasema. "Ndiyo. Sijakata."

Newala, Novemba, wiki ya mnada wa tatu.
Pesa za korosho zimeingia jana, na wao wanajua.
Hawajui njia ya kwenda Kitangari,
hawajui mkorosho unachanua lini,
ila siku ya malipo wanaijua kuliko katibu wa chama.

Akaibana simu kifuani, akaninong'oneza:
jina lake limepita, orodha ya wizara,
mifuko kumi ya salfa, bure,
inatakiwa laki na themanini tu ya kufungulia faili,
kabla ya saa sita, na asimwambie mtu.
"Niwekee kwenye namba hii, mwanangu. Haraka."

Kidole changu kilishaanza.
Nasema kweli: kilishaanza.
Mkono wa wakala una mazoea, kama wa mbanguaji,
hauulizi kilichomo, unabangua.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Nampembe,
mwezi wa sita, kaunta hii hii,
namba kaiandika nyuma ya pakiti ya sigara.
Alisema ni fidia ya barabara.
Nikaweka laki tatu na arobaini.
Jina lililotokea kwenye kioo nililiona:
jina la kijana fulani tu, si ofisi, si halmashauri.
Nikalisoma kwa sauti, yeye akaitikia, mimi nikabonyeza.
Siku hizi hupita upande wa pili wa barabara.
Kamisheni yangu ilikuwa shilingi mia nane.
Nilinunua vitumbua.

"Mama Somoe, salfa inapulizwa lini?"
"Mwezi wa tano. Wa sita."
"Na sasa je?"
Akavitazama vidole vyake, vyeusi kwa mafuta ya ganda.
Kifuani simu inaita: halo, mama, halo,
serikali haisubiri.

Haisubiri!
Labda. Ila kusubirisha inajua,
sisi wa malipo ya awamu ya pili ndio mashahidi.
Ikidai, hutoa kontro namba, na risiti,
na mtendaji atakuja na pikipiki yake
akutaje jina mbele ya majirani.
Haijapata kunong'ona.

Somoe akakata. Ilimchukua muda,
kitufe chekundu alikikosa mara mbili.
Kisha akakaa.

Ikaita tena. Na tena. Ya tatu ikaja na tusi,
na lile tusi, wallahi, ndilo lililomponya.
"Mheshimiwa gani huyu," akasema,
"anayemjua mama yangu hivyo?"

Ujumbe wa yule bwana tukautuma kwenda 15040.
Namba yake nikaiandika kwenye daftari,
ukurasa ule ule wa Nampembe.
Nikafunga kibanda, tukaenda kituoni.

Askari akafungua kitabu. "Umeibiwa nini?"
"Sijaibiwa."
"Sasa umekuja kufanya nini?"
"Nimekuja kabla."

Kalamu ikakwama kwenye safu ya mwisho,
thamani ya mali iliyopotea.
Akatutazama, akalitazama feni lisilozunguka,
akaandika sifuri.
Somoe akaomba aione.
Kusoma kunampa tabu, lakini sifuri anaijua,
akaiwekea kidole cheusi, ikaachwa na alama.

Jioni nilivuka barabara.
Nampembe alikuwa anageuza korosho juani, jua lenyewe limeshaisha,
akaendelea kugeuza.
Nikamwambia: kesho twende, mzee, ukaandikishe na yako.
Akauliza, baada ya miezi mitano?
Nikasema hata hivyo.
Na pale pa shahidi waniandike mimi,
na mia nane yangu.